Milio Miwili ya Fuawe

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Radi alikuwa karakanani akimsaidia baba yake, mfua vyuma. Jina hilo la Radi alipewa na wenzake shuleni, na wala hawakumsingizia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye mikono migumu na hasira za karibu.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Baba alitoa chuma chekundu motoni kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, lile pande zito la chuma lililosimikwa kwenye gogo. Kwa nyundo ndogo aligusa pa kupiga, naye Radi akashusha nyundo kubwa papo hapo, paa! Kelele zile hazikuruhusu maneno. Basi Baba alipotaka Radi aache, aligonga fuawe tupu mara mbili: ko, ko. Hapo nyundo kubwa, hata ikiwa juu, haikushuka. Ikishuka, mkono wa Baba umekwenda! Radi hakuwahi kukosea.

Asubuhi hiyo walianza kwa sala kama kawaida. Radi ndiye aliyeongoza, mbio mbio. Alimwomba Mungu awasamehe kama wao wanavyowasamehe wanaowakosea. "Amina. Baba, moto unazimika!"

Saa tatu mdogo wake wa miaka saba aliingia akilia, shati limelowa damu, jino la mbele halipo.

"Kisiki kanipiga mdomoni kwa fimbo!" alisema. "Mimi nilikuwa wa kwanza bombani. Akasema watoto wa mfua vyuma wanywe maji ya kupozea chuma."

Kisiki alikuwa mtoto wa muuza mkaa, miaka kumi na mitano, mbabe wa mtaa mzima. Baba alimfuta mtoto damu, kisha akamgeukia Radi.

"Nampeleka huyu zahanati, halafu nitazungumza na mama yake Kisiki. Wewe usitoke hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na asubuhi umesali nini?"

Radi alijifanya anachochea moto.

Weee! Baba hajapinda kona, Radi ameshachukua mpini wa shoka na kukatiza uchochoroni. Damu ilimchemka. Njiani alikumbuka somo la kipaimara, kwamba Yesu alitukanwa na hakurudisha tusi. "Yeye hakuwa na mdogo aliyeng'olewa jino," alijisemea, akakaza mwendo. Moyo ulimwambia rudi. Akaunyamazisha.

"Lo, radi bila mvua!" Kisiki alicheka alipomwona akifika bombani.

Hakumaliza kucheka. Mpini ulimpata begani. Naye akarusha ngumi, ikampasua Radi mdomo. Akaonja damu yake mwenyewe. Madumu yalipinduka, watoto wakapiga kelele. Kisiki alimshika nywele akamburuta kwenye tope. Radi alimng'ata mkono, akajinasua, akazungusha mpini kwa nguvu zote za karakana. Kifundo cha mkono wa Kisiki kilialika kama kuni kavu. Akaanguka.

"Mmalize! Mmalize!" watoto walipiga kelele.

Radi alimkanyaga kifuani, akainua mpini juu ya kichwa chake.

"Basi, dada! Nisamehe!" Kisiki alilia. Radi hakusikia kitu. Alikiona kichwa tu, pale pa kupiga.

Ko, ko.

Mikono yake iliganda hewani. Ng'ambo ya mtaro alisimama Baba, mtoto mgongoni. Njia ya zahanati ilipita hapo. Alikuwa ameita hadi sauti ikamkauka, ikamezwa na kelele. Ndipo akaokota jiwe na kugonga mara mbili bomba la chuma lililovuka mtaro. Mpini ulimponyoka Radi. Akakaa kwenye tope.

Zahanati walifika wagonjwa watatu badala ya mmoja. Muuguzi alimfunga Kisiki mkono, akamtazama Radi bila kupepesa. "Mkono utaunga, binti. Kichwa ungekiunga na nini?"

Nje, kwenye benchi, Radi alilia kwa aibu. "Baba, njiani moyo uliniambia rudi, nikakataa. Nilitaka kumuua."

"Nimeona. Mbona uliacha?"

"Uligonga."

"Hukufikiri?"

"Sikufikiri. Nimezoea tu."

Baba aliketi kando yake. "Mwanangu, kupiga kila mtu anaweza, fundi ni yule anayejua kuacha. Mungu naye amekugongea tangu asubuhi: kwenye sala, kwangu, na njiani moyoni mwako. Ulimsikia kila mara, ukashusha nyundo. Kumtii Mungu si kukariri sala. Ni kuacha anapogonga, hata mkono ukiwa umeshainuka. Nako kunazoeleka vilevile, kila siku, kwa mambo madogo."

Radi alijifuta uso, akaingia ndani peke yake. "Kisiki, nisamehe. Nitawachotea maji mpaka mkono wako upone."

Kisiki aligeukia ukutani. Baadaye sana alisema, "Mwambie mdogo wako anisamehe. Zamu ilikuwa yake."

Jumatatu, Radi alisimama kwenye foleni na madumu mawili ya muuza mkaa. Msichana mmoja nyuma yake alimsukuma. "Hebu sogea, muuaji!"

Ngumi ya Radi ilijikunja yenyewe. Safari hii hakuna aliyegonga bomba. Alisimama, akasikia moyoni: ko, ko. Akaikunjua.