Neno Kwenye Kadi ya Nyevu

Kila asubuhi Nyevu aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaingia chumbani peke yake. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nyuma ya kitanda alibandua kipande cha udongo wa ukuta, akakila. Kilinukia mvua.

Siku ya kliniki alimwambia muuguzi ukweli. Muuguzi hakumweleza kitu. Aliandika tu neno moja kwenye kadi: jiofajia.

Kambi, mumewe, alilisoma neno hilo mara tatu, hasira zikampanda. Alidhani ni ugonjwa wa aibu, mkewe ameupata kwa mwanamume mwingine. Mama yake, Kahonzi, alisema Nyevu afungashe virago arudi kwao Jilore. Jambo la kuudhi kweli! Mja mzito anafukuzwa kwa neno ambalo hakuna anayelijua.

Nyevu naye alikasirika. Hakufungasha kitu. Alikwenda kwa Everlyne, mhudumu wa afya wa kijiji, akamleta nyumbani. Everlyne alisoma kadi, akawageukia Kambi na mama yake.

"Neno hili asili yake ni Kigiriki," alisema. "Jio ni ardhi. Fajia ni kula. Maana yake kula udongo, basi. Hilo ndilo mnalomfukuzia?"

Everlyne alieleza kwamba udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Tena hamu hiyo mara nyingi huja damu inapopungua. Nyevu apimwe, apewe vidonge vya kuongeza damu, ale kunde, mchicha na dagaa.

Kambi alimwomba mkewe radhi. Kesho yake walikwenda kliniki pamoja.

"Andika Kiswahili," Nyevu alimwambia muuguzi. "Neno lako nusura linivunjie nyumba."

Muuguzi aliandika: anakula udongo. Damu ya Nyevu ilikuwa pungufu kweli. Alipewa vidonge na dawa ya minyoo, akaacha ukuta.

Miezi mitatu baadaye alijifungua salama mtoto wa kike. Kahonzi alikanda udongo ili azibe lile shimo la ukutani nyuma ya kitanda. Nyevu alimwona akilamba kidole.

"Mama," alisema, "hiyo ndiyo jiofajia."

Kahonzi alikiri kwamba alipokuwa na mimba ya Kambi alikula udongo wa kichuguu mpaka siku ya uchungu.

"Na hakuna aliyekufukuza," alisema Nyevu.