Njia ya Kiboko Nyuma ya Nyumba Yetu

"Yaya, usiku mukisikia kelele, munakimbilia wapi?"

Ni Godelieve, jirani yetu, aliniuliza vile; ananiita yaya, dada mukubwa. Ilikuwa asubui, pale muji wetu wa Baraka, wakati vita ilirudi mara ya pili. Lupango yetu, ua ya matete, ilikuwa imelala chini.

"Ku ziwa," nikamujibu. "Kila muntu anakimbilia ku ziwa."

Na ni kweli. Basoda, askari wa vita, balikuwa banatokea upande wa milima. Sisi tulikuwa tunashuka ku maji, tunapanda mutumbwi, tunaenda Kazimia. Mungu alituokoa vile mara mbili. Hata mutoto mudogo alijua: ukisikia kelele, shuka ku ziwa.

Basi usiku wa kuamukia asubui ile, tuliposikia lupango inavunjika, hatukuuliza kitu. Mwanangu Norbert alifungua mulango. Muke wake, Dorothée, alibeba nguo. Mimi nilimushika mukono mujukuu wangu Tania. Mbele ya kufika ku maji, Tania akaanguka. Nikamuvuta pembeni. Kitu kizito kikapita karibu yetu, kinapumua kwa nguvu, kikaingia ndani ya maji. Hatukusikia sasi ya bunduki. Hatukusikia sauti ya muntu.

"Ule hakuwa soda," Godelieve akasema asubui ile. "Mukuje muone."

Akatuonyesha alama ndani ya udongo. Kila alama ilikuwa pana kama sahani, na vidole vinne.

"Ni kiboko."

Norbert akacheka. "Mama mudogo, kiboko hapa? Baba alikaa ku parseli hii, kiwanja chake, maisha yake yote, hakuona hata mumoja."

"Baba yako alikuwa analima. Ninyi mulikimbilia Kilembwe miaka mbili, mimi nikabaki. Hapa pakaota majani tu, na kiboko anakula majani. Usiku anapanda, anakula, anarudi ku maji. Anapita njia ile ile. Hii ni njia yake, na weye umeifunga."

Ile njia tulikuwa tunaijua. Ilikuwa na mifereji mbili, na majani yamebaki katikati. Norbert alituambia ni alama ya gari ya basoda. Akasimamisha lupango juu yake, akapanda viazi nyuma.

"Gari gani inakunya ku majani?" Godelieve akauliza. Akanyoosha kidole ku kichaka. Kilikuwa kimepakwa mavi toka chini mpaka juu. Dorothée akafunika mudomo na kitenge.

Norbert hakucheka tena. "Basi nitachimba shimo, nisimike miti ya ncha ndani. Basoda balinifukuza ku parseli ya baba. Sasa hata nyama ya pori inifukuze?"

"Kiboko mwenye kidonda ni mubaya kuliko mwenye njaa," Godelieve akasema. "Yeye hatafuti muntu. Lakini akikukuta katikati yake na maji, anakuua. Na ninyi munakimbilia kule kule."

Dorothée alikuwa ameinama pale Tania alipoangukia. Mukono wa mutoto uliacha alama ndani ya udongo. Vidole vitatu vilionekana muzuri. Vingine havikuonekana, sababu muguu wa kiboko ulikanyaga juu yake.

"Norbert," akasema, "kuja uone."

Norbert akapiga magoti, akagusa alama. Mimi nilikuwa ninasali ndani ya moyo.

"Tufanye nini?" akauliza.

"Fungua njia. Lupango na viazi, sogeza pembeni. Mutumbwi usiufunge pale anaingilia, upeleke kule kwa bavuvi. Na usiku musitoke mbio. Musikilize kwanza. Soda anasema, anapiga mulango. Kiboko anapumua na kukata majani. Kama ni yeye, mukae ndani. Musimutupie jiwe, musimumulike na taa."

"Na kama ni basoda?" nikauliza.

"Mupite njia ya bavuvi, yaya. Si hii."

"Na kuchota maji?" Dorothée akauliza.

"Jua likiwa juu. Alfajiri hapana, magaribi hapana."

Norbert alisogeza lupango. Viazi vingine vilikufa.

Kisha usiku moja tukasikia kelele tena. Norbert alikuwa tayari ameshika mulango.

"Sikiliza," nikamwambia.

Akasikiliza. Majani yalikuwa yanakatika, pole pole.

"Koko, anakula?" Tania akaniuliza mimi, nyanya yake, kwa sauti ya chini.

"Anakula."

"Halafu?"

"Halafu atarudi kwake. Lala."

Asubui alama zilikuwa zimefuata njia. Lupango ilikuwa imesimama.

Siku ya Mungu, Jumapili, jioni, Albert, jirani mupya, akatutembelea. Alikuwa ametoka Lulimba, anajenga chini yetu, karibu na ziwa. Dorothée akamupa chai.

"Norbert, nasikia umemukatia kiboko kipande ya parseli," Albert akasema. "Kesho utamupa na kiti."

"Hatakikalia. Mwili yake ni munene," Norbert akajibu. Akamuonyesha njia kwa kidole, toka pale tulipokuwa tumekaa, akamuelezea yote.

Albert akaacha kunywa. "Mifereji mbili, na majani katikati?"

"Ndiyo."

"Kwangu inapita ku mulango ya jikoni. Batoto banalala mule, nyumba kubwa haina paa ya manyasi bado."

Norbert akaangalia jua. Lilikuwa limeshuka sana.

Albert akaweka kikombe chini, akatoka mbio kwenda kutoa batoto jikoni.