Nilivyoubana Mtandao wa Mke Wangu

— Dada, kwenye simu yako mtandao unakimbia vizuri kabisa, fundi alisema. — Huku ndani mtandao ni mzima. Mgonjwa ni hii kompyuta peke yake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na glasi ya maji ya mgeni. Maji yale nikayanywa mwenyewe.

Fundi wa mtandao alikuwa mwanamke, na mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Nilipoipigia kampuni niliwaambia bila haya kwamba kama fundi ni mwanaume, wasimlete. Mimi nina wivu, sijifichi. Wengine wanaugua vidonda vya tumbo, mimi ninaugua mke wangu.

Mke wangu anachora ramani za majengo. Anafanyia kazi katika chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya mezani, na kila siku saa sita mchana anaongea kwa video na Injinia anayezikagua ramani zake. Injinia ana sauti nzito, meno yaliyopangika na kipaji cha kumchekesha mke wa mtu. Mimi nafundisha udereva. Kila nikimaliza kipindi cha asubuhi narudi nyumbani tule pamoja, na wiki mbili mfululizo nilikuwa napokewa na kicheko chake nikiwa bado getini. Kicheko hicho hakikuwa changu.

Halafu nikaona ujumbe wa Injinia kwenye simu ya mke wangu: "Ile ngazi yako imeninyima usingizi. Kesho nionyeshe tena."

Ngazi gani inamnyima mwanaume usingizi?

Jumanne, yeye akiwa bafuni, niliangalia video ya dakika sita, nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, nikaibana kompyuta yake. Sikumkatia kabisa, maana angejua. Nilimwachia tone tu, barua pepe zipite kwa tabu na sura ya Injinia igande mdomo wazi.

Ikaganda kweli. Mikutano miwili ikavunjika. Sasa ulikuwa umebaki wa mwisho, Alhamisi hiyo ya fundi, saa nane mchana, mbele ya wenye mradi wa hospitali ya wazazi. Ukivunjika na huo, kazi anapewa mtu mwingine. Nilikuwa nimepanga kuiachia asubuhi, haki ya Mungu. Lakini nilimkuta mbele ya kioo anajipaka mafuta ya mdomo, mkono ukawa mzito. Aliponiomba niite fundi, nikaita. Nikajipa moyo kwamba atagusa nyaya mbili tatu na kwenda zake.

— Tumeshazima na kuwasha, fundi alisema akihesabu kwa vidole. — Waya nimebadilisha. Virusi hakuna. Hakuna kitu kinachojipakua chinichini. Sasa ni saa ngapi?

— Saa saba na nusu, mke wangu akajibu. — Dada yangu, nisaidie. Miezi minne nimeichora hospitali hii.

— Labda kompyuta imezeeka tu, nikasema. — Tutanunua nyingine mwezi ujao.

— Kaka, kompyuta hii haina hata mwaka. Nenosiri la ruta analo nani?

Mke wangu akanigeukia.

— Analo yeye.

— Nimelisahau, nikasema.

— Umelisahau? Si ndilo lile lile unaloweka kila mahali? Ni tarehe ya harusi yetu.

Akaliandika mwenyewe. Za mwizi ni arobaini, na mimi siku hiyo zilitimia. Fundi akashuka na orodha ya vifaa vya nyumbani, simu yangu, simu yake, runinga, kisha akasimama kwenye kompyuta. Akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanavaa.

— Dada, hii si hitilafu. Kuna mtu ameiwekea kikomo. Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Mke wangu hakumuuliza fundi swali lolote. Alinitazama mimi.

— Saa mbili na dakika kumi nilikuwa naoga.

— Mke wangu, sikiliza...

— Fundi, kitoe.

Fundi akakitoa. Akakusanya vifaa vyake kwa haraka, akasema "kazi njema, dada", na mimi hakuniaga.

— Kwa nini? mke wangu akauliza.

— Yule Injinia. Unamchekea. Mimi hujanichekea hivyo tangu lini?

— Kwa hiyo ukaona dawa ni kunichimbia shimo ndani ya nyumba yangu.

— Kuna ujumbe wake kwenye simu yako. Eti ngazi imemnyima usingizi.

— Ngazi ya wodi ya wazazi. Ilikuwa na mwinuko mkali, mama mjamzito angeanguka. Alikesha akiirekebisha, na mimi nikakesha. Ulikuwa unakoroma pembeni yangu.

Nikaiweka glasi tupu mezani.

— Kwenye gari lako la kufundishia una breki ya pili, akasema. — Mwanafunzi akikutia hofu, unakanyaga. Sawa, hiyo ni kazi yako. Lakini mimi si mwanafunzi wako. Toka, mkutano wangu unaanza.

Nikatoka. Nilikaa nimeegemea ukuta, upande wa pili, nikasikia kila kitu. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Alieleza milango, maji, madirisha, na wenye mradi wakauliza, na akajibu. Injinia akatania kitu, mke wangu akacheka. Niliuma ulimi. Wivu haukuniacha kwa sababu tu nimekosa, ulikuwa palepale, aibu imekaa pembeni yake.

Alipotoka alikuwa amepata kazi. Alinieleza akiwa amesimama, mkoba begani.

— Jana Injinia alitaka kunipa meza ya kazi ofisini kwao, kwa sababu mtandao wa hapa haufai. Nilikataa. Nilimwambia mchana ninakula na mume wangu.

— Sasa mtandao ni mzima, mke wangu.

— Najua. Leo nimekubali. Ninaanza Jumatatu.

Siku nne tuliongea maneno ya kazi tu: chumvi, funguo, nani anafunga geti. Jumatatu akaondoka. Saa saba mchana nilirudi kwenye nyumba kimya, mtandao ukikimbia bila wa kuutumia, nikapakua chakula sahani moja. Simu ikaita. Simu ya video, kutoka kwake.

— Umekula?

— Ndiyo kwanza nakaa mezani.

— Na mimi. Tule, basi.

Akaegemeza simu kwenye kitu, akafungua chombo chake. Tukala. Picha ilikuwa safi, nikaona hata punje ya wali shavuni mwake. Nyuma yake Injinia akapita, mrefu kuliko nilivyodhani, akainama kwenye kioo cha simu.

— Shemeji, habari za siku. Poleni na ile ruta. Dada yetu alituambia ilikuwa mbovu, ikabidi mbadilishe.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia chakula chake. Alikuwa amenisitiri mbele ya watu wake wa kazi, siku zile zile ambazo nyumbani alikuwa ananisemesha habari za chumvi tu. Ningeitikia tu "asante, shemeji" na yangeishia hapo.

— Haikuwa mbovu, shemeji, nikasema. — Ni mimi niliyembania mtandao. Kwa sababu yako. Nilikuonea wivu.

Injinia akabaki ameinama, mdomo wazi. Safari hii hakuwa amegandishwa na mtandao. Kisha akagusa meza kidogo kwa vidole na kuondoka taratibu, akatuachia nafasi.

Mke wangu akainua macho. Akaifuta ile punje ya wali shavuni, akanitazama.

— Kula, akasema. — Chakula kinapoa. Jioni njoo unichukue.