"Pole" Mbele ya Msuluhishi

Msuluhishi alikata madai ya ajali kama mtu anayemenya karanga. Alikuwa mashine yenye kimo cha friji, mali ya kampuni ya teksi zinazojiendesha, na alisimamishwa katika ukumbi wa madai jijini Mbeya. Alisikiliza sauti zilizonaswa ndani ya gari, kisha akamtaja mwenye kosa. Hakimu gani aliwahi kuwa na haraka vile? Na mjinga vile, aliwaza Tusajigwe.

Binti yake, Atupele, alikaa kando yake, mguu umefungwa vyuma. Teksi waliyoiita kwa simu ililiparamia tuta ikapinduka. Bila upasuaji asingetembea tena, na gharama ilikuwa ya mwenye kosa.

"Mwenye kosa ni mama," alisema Msuluhishi kwa sauti laini ya mtangazaji.

"Mimi? Niliendesha kwa makalio?"

Watu wakaangua kicheko. Kihwelo, wakili wa kampuni, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko hoja zake, akabonyeza kitufe. Sauti ya Tusajigwe ikajaa ukumbini, ikitweta: "Pole, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Ameomba radhi mara tatu," alisema Kihwelo. "Asiye na kosa anaomba radhi ya nini?"

"We Kihwelo, ulipojikwaa utotoni hukuambiwa pole? Aliyekuambia ndiye aliyeliweka jiwe?"

Kihwelo akatazama viatu vyake. Hapo ndipo Tusajigwe alipoona kinyaa hasa. Mashine ilifundishwa Kiswahili na watu wasiokijua. Huyu alikijua, na akanyamaza.

"Dai limefungwa," alisema Msuluhishi. "Pole sana, mama."

Tusajigwe akainuka. "Hebu rudia."

"Pole sana, mama."

"Haya, wakili. Friji lako limekiri."

Taa za Msuluhishi zikapepesa. Akajipima kwa kanuni yake mwenyewe, kwamba asemaye pole ndiye mwenye kosa, maana hakuwa na nyingine. "Mwenye kosa ni Msuluhishi, mali ya kampuni."

Atupele alipasuliwa, akatembea. Kampuni nayo haikuigusa kanuni. Ilimfutia Msuluhishi lile neno tu, abiria wakabaki nalo, na hatari yake.

Miezi ikapita. Siku moja teksi ya abiria wengi aliyopanda Tusajigwe ilifunga breki ghafla, mzee mmoja akagonga paji la uso, damu ikamtiririka. Abiria wote wakageukia madirishani, midomo wameifumba kama walioshikwa na jino. Hata Atupele.

Tusajigwe akawatazama mmoja mmoja, akamaliza kwa bintiye. Kisha akatoa kitambaa.

"Pole, mzee wangu," alisema kwa sauti kubwa.

"Kosa limesajiliwa," likasema gari.

"Sajili," akasema, akiifuta ile damu.