Safari ya Moba ya Papa Mahmoudi

Katika mtaa wetu hapa Kalemie, habari zote zilipita kwa Papa Mahmoudi. Nani ameoa, nani amefukuzwa kazi, boti gani imechelewa. Ulijua yote ukikaa kwenye mkeka wake siku ya Ijumaa, baada ya sala. Mke wake, Mama Zaina, alileta sinia moja kubwa la bugali, samaki na sombe ya majani ya muhogo. Waislamu na Wakristo tulinawa, tukala pamoja. Nyumba ile haikujua kufunga mlango.

Kisha mlango ukafungwa.

Mama Zaina alitangaza kwenye bomba la maji kwamba bwana amepanda boti kwenda Moba kwa ndugu zake. Tulishangaa. Papa Mahmoudi hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Lakini tulinyamaza. Au tuseme, tulisema kwa sauti ndogo.

Kumbe Papa Mahmoudi alikuwa nyuma ya rido, pazia la chumba chake. Alipatwa na kiharusi, ugonjwa ambao wengi tunauita AVC. Alianguka akiwa mjini, akatibiwa hospitalini, akarudishwa nyumbani alfajiri tukiwa bado tumelala. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito. Maneno yalitoka kidogo kidogo.

Mama Zaina alimpenda mume wake, lakini aliona haya. Mkono wa kulia haukuweza kufikisha tonge mdomoni. Je, mwenye nyumba atie mkono wa kushoto katika sinia, mbele ya wageni? Basi alimlisha yeye mwenyewe kama mtoto, mzee akiwa amelala. Alimvalisha. Mzee akianza neno, yeye alilimalizia. Mwishowe mzee akaacha kuanza.

Ijumaa moja, Célestin, rafiki wa Papa Mahmoudi kutoka bandarini, akapiga hodi. Mama Zaina alikuwa katikati ya kulisha. Akamtia mume wake tonge kubwa haraka haraka, akamwonyesha ishara ya kunyamaza, akavuta rido, akatoka.

"Nimewaletea samaki," Célestin alisema. "Nimetoka Moba jana. Mama, nimeuliza Moba nzima. Hakuna aliyemuona Papa Mahmoudi."

Mama Zaina alimwangalia yule samaki. "Labda amevuka kwenda Kigoma," akasema.

Hapo kikohozi kikasikika nyuma ya rido. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayekosa hewa.

Célestin alivuta rido. Papa Mahmoudi alikuwa amelala chali, macho yamemtoka. Célestin akamwita jirani, Mama Pélagie, anayefanyisha wagonjwa mazoezi hospitalini. Alifika mbio, sabuni ya kufulia bado mikononi. Mama Zaina alishika kikombe cha maji, lakini Pélagie akakataa maji. Alimkalisha mgonjwa, akamwinamisha mbele, akamwambia akohoe kwa nguvu. Tonge likatoka. Papa Mahmoudi akavuta pumzi, kisha akageuza uso ukutani.

Wakati huo tulikuwa tumejaa mlangoni. Mama Zaina alijifunika uso kwa kitenge.

"Nimewadanganya," alisema. "Nilimuonea haya bwana wangu. Kidogo tu nimuue juu ya hiyo haya."

Mama Pélagie alitufukuza. Hatukwenda mbali, dirisha lilikuwa wazi.

"Sikia, ndugu yangu," alisema. "Akila, akae wima. Tonge dogo. Ameze kwanza, ndipo umupe lingine. Angalia shavu la upande muzito, chakula kinabakia pale. Akiendelea kukohoa kila akila, tumurudishe kwa munganga kule hospitali. Kile anachoweza, afanye mwenyewe. Kinachobakia, musaidie. Na akitafuta neno, ngoja. Akili yake iko. Ulimi tu njo unachelewa."

Alimwonyesha Mama Zaina pia namna ya kuvalisha shati: mkono mzito uingie kwanza. Akakataza kumwinua kwa kuvuta mkono ule, kwa sababu bega linaumia. Dawa za tansio, yaani shinikizo la damu, ni za kila siku, hata akijisikia vizuri.

"Na mukono wa kushoto katika sinia?" Mama Zaina aliuliza polepole.

"Hilo uliza imamu wenu."

Aliuliza. Imamu alijibu kwamba mwenye udhuru hana lawama. Kisha akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Haikuwa rahisi. Mchuzi ulimwagika. Papa Mahmoudi alikasirika, akatupa kijiko. Mama Zaina alipochoka, Célestin alikuja kumtembeza mzee uani ili mama apumzike. Lakini kwenye bomba Mama Zaina bado alichota maji akiangalia chini.

Ijumaa moja mlango ukafunguliwa. Papa Mahmoudi alikaa wima, mgongo umeegemea mto. Mkono wa kulia aliuweka mbele yake, juu ya ukingo wa sinia. Kwa ule wa kushoto alichukua tonge dogo, akatafuna, akameza. Sisi tuliufuata mkono ule kwa macho. Mama Zaina aliinamisha kichwa.

Célestin akashindwa kuvumilia. "Papa Mahmoudi, hujatuambia. Moba ilikuwa namna gani?"

Mzee alifungua mdomo. Neno halikuja. Mama Zaina alitaka kumjibia, akauma mdomo wake. Tulingoja sote, bugali ikipoa mikononi.

"Mawimbi," Papa Mahmoudi alisema. Akapumzika. "Mengi."

Tulicheka mpaka sinia likatikisika. Mama Zaina alijifunika tena uso kwa kitenge, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.