Nani Kalegeza Dishi la Mzee Wilbroad

Siku Silasi alipomwona Dafrosa kwa mara ya kwanza, msichana alikuwa anagombana na konda wa basi la Mwanza, na alikuwa anashinda.

Stendi ya Tabora ilikuwa imefurika. Honi, wapiga debe, wauza karanga, mama mmoja anamfukuza jogoo aliyekata kamba chini ya basi. Katikati ya vurugu zote hizo kasimama binti mrefu, sketi ya kitenge cha njano, raba nyeupe ambazo vumbi lilikuwa limeshazionea, kakumbatia boksi kama kakumbatia mtoto.

"Umelikalia njia nzima!" alimfokea konda. "Ona lilivyobonyea!"

"Dada, pampu ya maji haifi kwa kukaliwa."

"Nani kakwambia ni pampu?"

"Kweli siyo pampu," alidakia Silasi. Alikuwa amekuja kupokea waya wake, kavaa ovaroli lenye mfuko uliochanika, na mdomo wake ulikuwa haujui kukaa kimya. "Hiyo ni mota ya dishi. Inageuza dishi lenyewe, wewe umekaa kwenye kochi na rimoti. Nani atakufungia?"

Dafrosa akamwangalia kuanzia viatu. "Baba atatafuta fundi."

"Tabora hii wanaoweza mota tuko wawili. Mmoja kahamia Kahama."

"Na wa pili ndiyo wewe."

"Siyo mimi niliyesema, umesema mwenyewe."

Konda akacheka. Dafrosa naye akacheka, akasahau ugomvi. Silasi akabeba boksi mpaka kwenye bodaboda, na kabla bodaboda haijawaka namba ya simu ilikuwa imeshaingia kwenye simu yake.

Nyumbani kwa akina Dafrosa ni Ipuli. Baba yake, Mzee Wilbroad, alistaafu reli na hakutaka kustaafu ubishi. Mota aliagiza ili kumaliza vita ya sebuleni. Yeye anataka mpira. Mkewe, mama Dafrosa, kazaliwa Ulyankulu kwenye familia zilizokuja kutoka Burundi, na ndugu zake wengine walisharudi huko; yeye anataka televisheni ya Burundi aone watu wake. Setelaiti ya mpira iko upande wake, ya Burundi iko upande wake, na dishi ni moja.

"Shikamoo mzee," Silasi aliingia na ngazi begani.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Umesoma wapi?"

"Puge, mzee. Niliishia kidato cha pili, shule tukashindwana tabia."

Mzee akaguna. Silasi hakuona haya, akaanza kazi. Nguzo kwanza. Aliibandika pimamaji kila upande mpaka nguzo ikasimama kama askari wa gwaride. Halafu akatafuta kaskazini. Dira ya simu ilichanganyikiwa na mabati, kila akisogea inasema jingine, akaizima. Akaanza na setelaiti ya katikati, ile iliyo karibu juu ya kichwa.

"Mbona linatazama mbinguni?" Mzee aliuliza. "Linasali?"

"Hapa tuko karibu na ikweta, mzee. Setelaiti ziko utosini. Likienda mashariki au magharibi utaliona linalala."

Kwa kazi hii lazima mtu mmoja awe nje kwenye dishi na mwingine awe ndani anasoma mawimbi kwenye kioo cha televisheni. Ndani alikuwa Dafrosa, dirisha wazi.

"Arobaini!" alipiga kelele. "Hamsini! Imepotea!"

"Sasa?"

"Sitini! Sabini! Hapo hapo, sabini!"

"Sema tena!"

"Sabini! We kiziwi?"

"Nimesikia. Napenda tu unavyoisema."

Dafrosa akajificha nyuma ya pazia. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Sabini na mbili."

"Fundi," Mzee alisema kutoka kwenye kigoda chake, "hiyo mbili imetoka wapi? Hujagusa kitu."

Jioni dishi lilikuwa linaenda mashariki, linarudi kati, linaenda magharibi, likiunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Silasi alichora mstari kwa kalamu ya wino mzito, nusu kwenye nguzo, nusu kwenye shingo ya mota. "Ukiona mstari umeachana," alimwonyesha Dafrosa, "ujue mota imehama. Katikati itakubali, pembeni zitakataa." Wakala ugali na mlenda, akaaga. Alipofika getini akagundua kwamba kazi imekwisha. Na kazi ikiisha fundi anarudi kufanya nini?

Hakulala vizuri siku ile. Kesho yake akapita "kuangalia kama waya umekaa", na kwa spana yake mwenyewe akailegeza nati inayoishika mota kwenye nguzo, akausukuma ule mstari upana wa ukucha. Kidogo tu, bwana. Mwizi wa kuku ana dhambi kubwa kuliko hiyo.

Simu iliita kabla ya chakula cha mchana.

"Haloo, fundi."

"Haloo, sabini na mbili wangu."

"Acha utani. Burundi imepotea. Mpira wa baba upo, ila mama kanuna, hata uji hajapika."

"Nakuja sasa hivi."

"Hujauliza hata tatizo ni nini!"

"Tatizo nalijua."

"Unalijua?"

"Yaani... kwa uzoefu."

Akaja, akatengeneza huku akimfundisha Dafrosa nati na spana, akanyweshwa chai. Wiki iliyofuata dishi likaugua tena, akaja tena. Wakawa wanaongea mpaka chaji ya simu inaisha. Alimfuata mchana kwenye duka la asali la shangazi yake Dafrosa karibu na soko kuu, wakagombana nani analamba kijiko. Akamwita "mpenzi", Dafrosa akasema "mpenzi gani ananuka grisi", halafu akamfuta grisi shavuni kwa ncha ya kitenge.

Dishi nalo likaanza kuugua hata siku ambazo Silasi hajaligusa. Alishangaa kidogo, akadhani ni upepo. Mtu aliyependa haulizi sana.

Ndipo mama Dafrosa akatoa tangazo. Mdogo wake wa mwisho, aliyembeba mgongoni Ulyankulu mpaka akajua kutembea, anapewa upadri Gitega, na televisheni ya Burundi itaonyesha moja kwa moja Jumamosi. Nauli ya kwenda na pasi ya kusafiria havikupatikana, lakini dishi lipo. Ameshaita jumuiya nzima, na ndugu kutoka Ulyankulu wanakuja na ngoma.

"Mwanangu," alimwambia Silasi, kamshika mkono, "Jumamosi usiniangushe."

Ile "mwanangu" ilimchoma. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ijumaa akapanda, akakaza nati ya mota kwa nguvu zake zote mpaka spana ikalia, akaapa hapohapo juu ya ngazi kwamba mchezo ule basi.

Alipokuwa anashuka Dafrosa akamnong'oneza, "Kesho vaa vizuri, watakuja watu wazito. Na usiropoke-ropoke."

"Kwani mimi huwa naropoka?"

"Silasi."

"Sawa. Ila kesho nitachelewa, nina kazi Cheyo asubuhi. Dishi lenu sasa halina shida, hamnihitaji."

Alisema kwa kujisifu. Dafrosa akabaki anatafuna kucha.

Jumamosi uani pakajaa. Turubai, viti vya kukodi, sufuria za pilau, akina mama na sare za kitenge, televisheni imetolewa nje juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Silasi alifika kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakatakata. Mama Dafrosa akashika rimoti kama anashika mshumaa, akabonyeza Burundi.

Mota ikaunguruma. Dishi likaanza kwenda, likaenda, likafika nusu, likatikisika, halafu shingo ikaishiwa nguvu. Likainamisha uso chini pwaa, likabaki linakitazama choo cha jirani.

Kwenye kioo: hakuna mawimbi.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Silasi alishapanda ngazi na shati lake jeupe. Nati ya mota aliyoikaza ilikuwa palepale. Lakini nati mbili zinazoshika shingo ya dishi lenyewe zilikuwa zinachezacheza kama jino la mtoto.

"Mzee!" alipayuka. "Hizi nati kuna mtu kazilegeza!"

"Nani? Kuku?"

"Ni yeye!" Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Ni Paskazia, jirani mwenye choo. "Mwezi uliopita nilimwona kwa macho yangu! Nilikuwa chooni, tundu la dirisha linatazama hapo hapo. Kalegeza, kachungulia huku na huku, kashuka anapiga mluzi!"

Watu wote wakamgeukia Silasi. Mtu mwingine angekana. Silasi, mdomo ukamtangulia kama kawaida.

"Za mwezi uliopita ni kweli, ni mimi. Lakini ya leo siyo mimi!"

Unadhani nani atamwamini? Alimtazama Dafrosa. Dafrosa alikuwa kashika mwiko wa pilau, macho chini, hasemi neno.

"Shuka," Mzee Wilbroad alisema.

"Mzee, dakika chache tu nakaza, mama aone..."

"Nimesema shuka! Usiguse kitu changu tena."

Akashuka. Alipopita getini alimwona mama Dafrosa na ndugu zake wote wamerundikana juu ya simu moja ya kijana wa kwaya, vichwa vimegongana. Padri mpya alikuwa ndiyo anajilaza kifudifudi mbele ya altare pale kifurushi cha intaneti kilipokata. Mama akalia kwa sauti. Kile kilio Silasi aliondoka nacho.

Simu za Dafrosa hakupokea. Alishapiga hesabu: habari za nati na spana katika nyumba ile alimfundisha mtu mmoja tu. Na mtu huyo ndiye aliyemwambia avae vizuri mbele ya watu wazito. Basi kaniona sifai, alijiambia, kidato cha pili kama mimi, akatafuta njia ya kunifukuza bila kusema. Akaenda kufunga madishi na hasira, akawa anawafokea mpaka wateja.

Wiki kadhaa zikapita. Mchana mmoja alikuwa juu ya bati la gesti moja Isevya, jua linachoma mpaka soli za viatu zinanata, akasikia ngazi inakwaruza. Akachungulia. Dafrosa, sketi ileile ya njano, kaibeba ngazi, kailaza kando ya jiko la mama muuza chipsi.

"We! Rudisha ngazi!"

"Simu hupokei. Leo utanisikiliza."

"Nitaruka!"

"Ruka," alisema mama wa chipsi. "Hospitali ya Kitete siyo mbali."

Watu wakaanza kusogea. Silasi akakaa ukingoni, miguu inaning'inia. "Uliniaibisha mbele ya ukoo wako wote. Kama ulinichoka ungesema."

"Nimekuchoka?" Dafrosa alishika kiuno. "Mjinga wewe! Ulisema utachelewa. Nikaona umekaza nati yako, dishi limepona, utakuwa unakuja kufanya nini tena kwetu? Nikataka ukifika likutwe limekataa, ulitengeneze mbele ya watu wote, wakupigie vigelegele. Ile nati yako ikanishinda nguvu, nikalegeza za shingo ya dishi. Nilidhani litahama kidogo tu! Nilijua mimi kwamba litainama mpaka chooni?"

"Ulilegeza ili nije?"

"Kwani ni mara ya kwanza? Nililegeza mara ngapi, unafikiri ni upepo?"

Silasi akajipiga kofi la paji la uso. Mama wa chipsi alikuwa anacheka mpaka viazi vinaungua.

"Sasa mbona ulinyamaza?" Silasi aliuliza polepole. "Nilikuangalia."

Dafrosa akaacha kiuno. "Niliogopa. Nilimwona mama anavyolia, nikaogopa. Hiyo sina cha kuitetea." Akafuta macho kwa kiganja. "Leo asubuhi nimewaambia wote wawili. Baba kasema nikulete."

"Kunipiga?"

"Hakusema."

"Nitakuja," Silasi alisema. "Ila ukiniletea ngazi nashuka nakuoa, ujue kabisa."

"Unaropoka."

"Naropoka. Leta ngazi."

Wakamkuta Mzee Wilbroad uani, kavaa miwani, kitabu cha maelekezo mkononi. Alikuwa amejitengenezea dishi mwenyewe. Kwenye kitabu kulikuwa na picha ya nyumba ya Ulaya yenye theluji, na dishi limegeukia kusini, kwa hiyo na yeye aligeuza kila kitu kusini badala ya kaskazini. Ukibonyeza mashariki linaenda magharibi. Nyumba ilikuwa haijaona hata taarifa ya habari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyinyi wawili mmechezea nati zangu kama vifungo vya shati, sivyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mama yenu humu ndani haongei na mimi. Anasema kama ningekuacha ukaze angemwona mdogo wake." Akamtupia spana. "Geuza."

Silasi akageuza. Dafrosa akasimama dirishani na kusoma mawimbi, na safari hii hakuna aliyetania. Likakubali kati, likakubali mashariki, likakubali magharibi. Burundi ikaingia na ngoma zake. Mama Dafrosa akatoka jikoni, akaangalia kioo kidogo tu.

"Haitarudiwa ile misa," alisema. "Nimeshauliza."

Silasi akashuka, akapiga goti kwenye vumbi. "Mama, nisamehe. Hiyo siku siwezi kuirudisha kwa spana."

"Huwezi." Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Mwezi ujao mdogo wangu anakuja Ulyankulu kwa misa ya shukrani. Utanipeleka wewe. Utakaa mbele, pamoja na ndugu zangu wote waliokuona ukifukuzwa."

"Mama, watanila nyama! Nikae nikiwa nani pale? Fundi?"

Mama Dafrosa akamtazama binti yake dirishani, akamtazama mumewe aliyejifanya anasoma kitabu, akarudi kwa Silasi.

"Ukienda kama fundi watakufukuza tena," alisema. "Nenda kwenu Puge ukalete wazazi wako. Utakaa pale ukiwa mkwe."