Mizizi Bila Ua Lake

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kuosha vyombo, Chapuchapu alitumwa msituni kuchimba mizizi ya ua la zambarau. Jina hilo la utani alipewa na babu yake, aliyesema mjukuu wake huanika nguo kabla hazijalowa. Siku hizo babu hakutania sana. Kikohozi kilikuwa kimemkaba, na usiku kucha kifua chake kilikoroma.

Shangazi ndiye aliyechemsha dawa za nyumbani, na alikuwa na sharti moja: mzizi uje na shina lake, ua likiwa bado juu. Msituni humo uliota mmea mwingine wenye majani yaleyale na mizizi ileile, ila ua lake lilikuwa jeupe, na mizizi yake ilikuwa sumu. Bila ua, hata shangazi mwenyewe hakuweza kuitofautisha.

Jumamosi hiyo wingu zito lilitanda. Rafiki yake wa jirani alikuwa akimsubiri wakaruke kamba, na alikuwa amemwonya asiende kulala huko. Msituni hakuna ndege aliyelia. Maua ya zambarau yalionekana mbali, kwenye giza la miti mikubwa, na Chapuchapu akahisi baridi mgongoni. Karibu na njia palikuwa na mashina mengi yaliyokwisha kupukutisha maua. Akatazama nyuma, kisha akayachimba upesi, huku akijifuta jasho usoni na midomoni kwa mikono yenye utomvu. Alipoona maua machache ya zambarau yaliyoangushwa na upepo, aliyaokota akayafunga juu ya mashina kwa uzi aliouchomoa kwenye nguo yake, akauficha kwa majani.

Nyumbani, shangazi aliuliza kama mashina yote yalikuwa na maua.

"Yote, shangazi. Mengine yamedondoka njiani."

Shangazi alimshukuru, akabandika chungu jikoni.

Mchezo wa kamba ulikuwa umekolea Chapuchapu alipohisi midomo ikifa ganzi. Alijaribu kuhesabu, maneno yakamtoka mazitomazito.

"Unaongea kama uliyetoka kung'olewa jino," rafiki yake alimcheka.

Chapuchapu naye alicheka. Kisha akaitazama mikono yake, na kicheko kikakatika. Aliiacha kamba chini akakimbia.

Chungu kilikuwa kimeshaipuliwa. Babu aliketi kitandani, kikombe mikononi, akipuliza mvuke.

"Babu, usinywe."

Babu alisita, kikombe kikiwa karibu na mdomo. Shangazi aligeuka taratibu. Chapuchapu alieleza yote, mashina ya kando ya njia, maua ya kuokota na uzi, na ulimi wake mzito ukamfanya arudie baadhi ya maneno. Shangazi alikichukua kikombe, akaenda kuimwaga dawa yote kwenye shimo la choo. Aliporudi alimsafisha mtoto mikono na mdomo kwa maji mengi, kisha akawapeleka wote wawili zahanati.

Muuguzi alikaa na Chapuchapu mpaka midomo ikapata hisia tena. Alisema kilichomgusa ni utomvu kidogo tu; kikombe kizima kingeusimamisha moyo wa mzee. Alimpima babu kifua, akampa dawa, na kumwagiza shangazi asimpe mgonjwa mzizi wowote kabla ya kumleta apimwe.

Njiani kurudi, babu alitangulia na fimbo yake. Shangazi alimshika Chapuchapu mkono. Chapuchapu alingoja kugombezwa, lakini sauti ya shangazi ilikuwa ya chini.

"Ukichoka, niambie umechoka. Ukiuogopa msitu, niambie, twende wote. Sikuwepo ulipochimba, mwanangu. Nilikuwa na neno lako tu, na kwa neno hilo nilimjazia baba yangu kikombe."